Haluli na Sungura wa New York

Kiangazi cha mwaka 1618 kilikausha malisho ya Epsom, mji mdogo kusini mwa London. Husimuliwa kwamba mchungaji mmoja, Henry Wicker, alichimbua kidimbwi ili ng'ombe wake wanywe. Ng'ombe walinusa, wakageuza shingo: maji yalikuwa machungu. Binadamu hawakuwa na busara hiyo. Walimiminika Epsom kuyanywa wasafishe matumbo, na Julai 1667 Samuel Pepys, mwandishi maarufu wa shajara, alibugia painti nne.

Mwaka 1695 daktari Nehemiah Grew aliiandikia kitabu chumvi inayobaki maji hayo yakichemshwa hadi yakauke. Ndiyo haluli, yaani salfeti ya magnesiamu. Kwa miaka mia mbili sifa yake kuu ikabaki ya chooni.

Sifa nyingine iliipata New York. Katika Taasisi ya Rockefeller, Samuel Meltzer na John Auer waliidunga chini ya ngozi ya sungura. Sungura akalegea, akalala ubavu, pumzi zikafifia. Wakamtia kalsiamu kwenye mshipa wa sikio. Punde si punde akajigeuza, akaketi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1908.

Siri iko kwenye ncha ya neva. Ili msuli ukaze, kalsiamu sharti iingie hapo ndipo kemikali ya kupeleka amri itoke. Magnesiamu huziba mlango huo. Lakini anayeziona mahasimu tu amekosea: magnesiamu ikipungua mno mwilini, tezi ndogo za shingoni hushindwa kutoa homoni ya kupandisha kalsiamu, na mgonjwa akipewa kalsiamu peke yake hapati nafuu ya kudumu.

Leo haluli iliyosafishwa ndiyo dawa ya kifafa cha mimba. Utafiti wa Magpie wa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa hupunguza kwa nusu hatari ya wajawazito wenye dalili za awali kupata degedege.

Wodini, kabla ya kila sindano, mkunga hugonga goti la mama. Mguu usiporuka, dozi husitishwa. Vivyo hivyo pumzi zikishuka chini ya 16 kwa dakika. Kando yake huwekwa kichupa cha mililita 10 cha kalsiamu glukoneti. Mama akiacha kupumua, husaidiwa pumzi huku dawa hiyo ikiingizwa mshipani polepole.