Kubadilisha pistoni za motere: tafuta kwanza nini iliua zile za zamani

Gari ikianza kutoa moshi ya bluu na kumeza mafuta ya motere kila siku, neno moja linasikika upesi mu garaje za Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia: pistoni zimekwisha. Mwenyi gari anakopa pesa ku likelemba, pistoni mupya zinanunuliwa, motere inafungwa. Kisha kuna gari ambayo, nyuma ya miezi michache, inarudi ku garaje ileile na moshi ileile. Sababu ni hii: pistoni haifi yenyewe. Kuna kitu kiliiua, na kile kitu kilibakia mu motere.

Kwa familia inayoishi na taksi moja ao kamyo moja, kulipa kazi ileile mara mbili ni kupoteza gari. Ndiyo maana ni vizuri mwenyi gari na shofere wajue namna hii kazi inafanywa, hata kama si wao wanashika funguo.

Kazi ya pistoni

Pistoni ni kikombe cha aluminiumu kilichogeuzwa, kinachopanda na kushuka ndani ya silinda. Inashikamana na bieli kwa njia ya aksi, na bieli ndiyo inazungusha vilebrekini. Motere ikizunguka mara 3.000 kwa dakika, kila pistoni inapanda mara 50 na kushuka mara 50 mu segonde moja tu.

Tuchukue mufano wa motere 1HZ ya mazuti, ile ya Toyota Land Cruiser inayojulikana sana ku ambulansi na ku gari za mashirika. Iko na silinda 6. Kila silinda iko na upana wa milimita 94, na pistoni inatembea milimita 100 toka chini paka juu. Kati ya pistoni na ukuta wa silinda kunabakia nafasi ndogo sana, karibu unene wa unywele. Mu ile nafasi ndimo mafuta ya motere inapita.

Kando ya pistoni kuna pete za chuma, mafundi wanaziita segma. Kwa kawaida ziko 3. Mbili za juu zinazuia presha isishuke chini. Ya tatu inakwangua mafuta ku ukuta na kuirudisha chini mu karteri. Segma zikichoka, presha inashuka na mafuta inapanda: gari inakosa nguvu ku mulima na inatoa moshi.

Alama, na namna ya kuhakikisha

Moshi ya bluu inaonyesha kama mafuta ya motere inaungua. Moshi nyeusi inaonyesha kama mazuti ao esansi ni mingi kupita hewa, pengine filtre ya hewa imezibana tu. Moshi nyeupe isiyokwisha, hata kama motere imekwisha kupata joto, inaweza kutoka ku maji inayoingia mu silinda, ao ku mazuti isiyoungua.

Lakini moshi ya bluu peke yake haitoshi kuhukumu pistoni. Joani ndogo za ku valve zikikauka zinatoa moshi ileile, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na pistoni. Mbele ya kufungua motere, fundi anapashwa kufanya vipimo viwili.

Cha kwanza: motere ikiwa inazunguka, anafungua kizibo cha kuwekea mafuta. Kama moshi inatoka pale kwa nguvu, kama mutu anayepumua, presha inapita ku segma. Cha pili: anapima kompresio ya kila silinda kwa manometre. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko zingine, ugonjwa uko pale. Ku motere ya esansi, anaweza kumwanga kijiko kimoja cha mafuta kupitia tundu la buji na kupima tena. Kompresio ikipanda, ni segma ao silinda. Ikibakia chini, ni valve ao joani ya kulase. Ku motere ya mazuti kile kipimo cha kumwanga mafuta hakifai, kwani nafasi juu ya pistoni ni ndogo sana.

Vitu vitano vinavyoua pistoni

Vumbi. Ku barabara za udongo, na ku Goma penye vumbi ya mawe ya volkano, filtre ya hewa iliyopasuka ao isiyokamata vizuri inaingiza muchanga mu silinda. Ule muchanga unakula segma na ukuta kama papie ya vere. Kupuliza filtre kila mara na kompresere bila kuibadilisha kunaitoboa.

Joto. Aluminiumu inavimba karibu mara mbili kuliko chuma cha bloki. Motere ikipata joto kupita kipimo, pistoni inavimba, inauma ukuta, na motere inakamata. Bukavu na Goma ziko karibu metre 1.500 juu ya bahari. Kwa ule urefu maji ya wazi inachemka karibu digri 95, haifikie 100. Kizibo cha radiatere ndicho kinashika presha ili maji isichemke mbio. Kizibo kilichochoka kinaweza kuua motere nzima. Maji ya mutoni nayo inajaza radiatere udongo na kutu.

Mafuta ya motere. Mafuta kidogo, mafuta ya zamani, ao mafuta iliyochanganywa inaacha pistoni inasugua chuma kwa chuma. Ikiwa pompa ya mafuta imechoka, hata mafuta muzuri haitafika.

Mazuti na esansi mbaya. Mu miji mingi watu wananunua mu mabidoni kando ya barabara, kwa wale wanaoitwa Kadhafi. Bidoni inaweza kuwa na maji, muchanga ao petroli ya taa. Injektere ikiharibika, badala ya kupuliza mvuke inamwaga matone ya moto juu ya pistoni, paka inatoboka katikati.

Maji. Wakati wa mvua, shofere akivuka mutoni na maji ikifika ku filtre ya hewa, motere inavuta maji. Maji haikandamizwi kama hewa. Bieli ndiyo inapinda. Gari ikizimika mu maji, isijaribiwe kuwashwa palepale.

Kusoma pistoni ya zamani

Pistoni iliyotolewa ni kama karatasi ya dokta. Ikiwa na tundu ao sehemu iliyoyeyuka katikati, tafuta ku injektere. Ikiwa na mikwaruzo mizito ya wima pande zote, tafuta ku joto na ku mafuta. Ikiwa imekuwa ya majivu, laini, na segma zimekuwa nyembamba, ni vumbi. Ikiwa imechakaa upande wa juu kushoto na upande wa chini kuume, bieli imepinda. Ikiwa kingo za kati ya segma zimevunjika, ni moto unaolipuka vibaya mu silinda.

Kwa hiyo mwenyi gari asikubali pistoni za zamani zitupwe mbele ya yeye kuziona. Zipangwe ku meza kwa namba: silinda ya 1, ya 2, paka ya mwisho.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

1. Fundi anamwanga maji na mafuta ya motere, anatoa kulase na karteri. Kulase inapimwa kwa rula ya chuma na kale, kwani motere iliyopata joto sana mara nyingi inapinda kulase.

2. Anapitisha ukucha juu ya silinda. Kama kuna ngazi ndogo pale segma ya juu inasimamia, silinda imekwisha kuliwa. Ile ngazi inatolewa mbele ya kusukuma pistoni, kama sivyo itazivunja.

3. Anaandika namba ku kila bieli na ku kofia yake. Kofia ya bieli moja haivaliwi na bieli ingine.

4. Silinda inapimwa juu, katikati na chini, kila mara pande mbili. Hii ndiyo hatua inayorukwa sana, na ndiyo inaamua yote. Silinda iliyokuwa mviringo inaweza kugeuka kama yai. Segma mupya mu silinda ya yai haitakamata hata siku moja.

5. Silinda ikiwa imeliwa, bloki inapelekwa ku atelye kuchongwa, na pistoni zinakuwa kubwa kidogo. Vipimo vinavyopatikana sana ni 0,25, 0,50, 0,75 na 1,00 ya milimita. Pistoni zinunuliwe kwanza, kisha bloki ichongwe kufuata pistoni zenyewe. Mutu akichonga mbele ya kununua, anaweza kuzunguka soko yote bila kupata kipimo. Ku motere zenyi shemize, ni shemize inayobadilishwa pamoja na pistoni.

6. Nyuma ya kuchongwa, ukuta unapitishwa jiwe ili ubakie na mikwaruzo myembamba inayopishana. Inashika mafuta. Kisha bloki inaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, si kwa esansi peke yake, kwani esansi inaacha unga wa jiwe. Kitambaa cheupe chenyi mafuta kinapitishwa mu silinda paka kitoke cheupe.

7. Kila segma inaingizwa peke yake mu silinda na nafasi kati ya ncha zake inapimwa. Kwa silinda ya milimita 100, mara nyingi ni karibu 0,3 ao 0,4. Kitabu cha motere ndicho kinaamua. Nafasi ikiwa ndogo sana, segma ikivimba itauma ukuta.

8. Pistoni zinapimwa ku mizani. Zote ziwe na uzito mumoja, tofauti ya gramu chache tu, kama sivyo motere itatikisika. Mushale ulio juu ya pistoni uangalie upande ambao kitabu kinasema, kwa kawaida mbele ya motere. Nafasi za segma zisipangwe mustari moja.

9. Kusine mupya zinawekwa, kila kitu kinapakwa mafuta, na bulo zinakazwa kwa funguo yenyi kupima nguvu. Bulo za kulase zinakazwa kwa awamu, toka katikati kwenda pembeni. Joani ya kulase inakuwa mupya, hairudishwi ya zamani.

10. Mbele ya kuwasha, motere inazungushwa kwa demarere bila mazuti paka taa ya mafuta izimike.

Kununua bila kudanganywa

Pistoni nyingi zinafika Mashariki ya Kongo kupitia Kampala, Kigali, Mombasa ao Dar es Salaam, na zingine ni za kuiga. Mununuzi apeleke pistoni ya zamani ku duka. Apime upana, urefu wa kichwa toka ku aksi, na umbo la juu. Motere mbili za jina karibu moja zinaweza kuwa na vichwa tofauti, na pistoni iliyo ndefu kidogo itagonga valve. Kubadilisha pistoni moja tu kunawezekana kama zingine zimepimwa na ni nzima, lakini uzito lazima ulingane.

Wengine wanachagua motere nzima ya okazo. Inaweza kuwa mbio zaidi, lakini nayo ipimwe kompresio mbele ya kulipa, kwani historia yake haijulikani.

Rodaje

Motere iliyofungwa upya haipewi muzigo muzito kwa kilometre 500 ao 1.000 za kwanza. Shofere abadilishe mwendo, asikae muda murefu kwa mwendo moja, wala asiiache izunguke papo hapo saa nzima. Kisha mafuta na filtre vinabadilishwa, kwani mafuta ya kwanza inabeba unga wa chuma. Hapa ndipo mwenyi gari anapashwa kukubali hasara ndogo: kama anadai pesa ileile ya kila jioni toka siku ya kwanza, shofere atajaza watu na mizigo, na segma hazitakaa vizuri.

Si pesa tu iko hatarini. Motere ikikamata ku mutelemuko wa Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, usukani unakuwa muzito na freni inapoteza musaada wa motere, wakati gari imejaa watu.

Maneno ya kukubaliana mbele ya kazi

Ugomvi mwingi kati ya mwenyi gari, shofere na fundi unatoka ku maneno ambayo hayakuandikwa. Karatasi moja inatosha, na iwe na majibu ya maulizo haya: kompresio ya kila silinda ilikuwa ngapi? Silinda zilipimwa, na kipimo ni gani? Nini iliua pistoni za zamani, na kile kitu kimetengenezwa? Pistoni mupya ni za kipimo gani? Mafuta ya kwanza itabadilishwa ku kilometre ngapi?

Fundi anayejua kazi yake hatakasirika kwa kuulizwa vile. Na ulizo la tatu likikosa jibu, pistoni mupya zisifungwe bado.