Faili za vichwa kukosekana (lugha ya C)

Hitilafu inayokwamisha programu ya C inayoandaliwa kwenye kompyuta moja (mwenyeji) ili iendeshwe na prosesa ya aina nyingine, mathalani ARM ya Raspberry Pi. Kompaila hulalamika kuwa haioni faili la kichwa stdio.h, ilhali faili hilo limo ndani ya /usr/include. Hilo ni la kompyuta mwenyeji. Kulilazimisha kwa -I/usr/include ni kosa baya, kwani ukubwa wa aina za data za mashine mbili huchanganyika. Kwanza ongeza -v kwenye amri ya kompaila uone saraka zinazopekuliwa. Kwenye Debian, dawa ni kifurushi libc6-dev-armhf-cross, kinachojaza /usr/arm-linux-gnueabihf/include. Asiye na intaneti anaweza kukileta kwa flashi na kukisakinisha kwa dpkg, pamoja na vifurushi vingine kinavyovitegemea, kama libc6-armhf-cross.