Börje Salming

Börje Salming (17 Aprili 1951 – 24 Novemba 2022) alikuwa beki wa hoki ya barafuni kutoka Uswidi. Alicheza misimu 17 katika NHL, ligi kuu ya Kanada na Marekani, na misimu 16 kati ya hiyo aliichezea Toronto Maple Leafs. Hakuwa Mswidi wa kwanza kufika huko. Ulf Sterner alimtangulia mwaka 1965, lakini aliichezea New York Rangers mechi 4 tu. Salming alifika akadumu, na kudumu kwake ndiko kulikowafungulia njia wachezaji wa Ulaya.

Utoto na mwanzo wa mchezo

Alizaliwa Salmi, kijiji kilicho karibu na Kiruna, mji wa machimbo ya chuma kaskazini kabisa mwa Uswidi. Huko jua halichomozi kwa wiki kadhaa za majira ya baridi. Kwa upande wa baba alikuwa na asili ya Wasami, wenyeji wa kale wa nchi hizo za baridi. Baba yake alifariki kwa ajali mgodini Börje akiwa na umri wa miaka 5. Alijifunza hoki pamoja na kaka yake Stig, akaanzia klabu ya Kiruna AIF, kisha akahamia Brynäs ya mjini Gävle. Akiwa na Brynäs alitwaa ubingwa wa Uswidi mwaka 1971 na 1972.

Kwenda Toronto

Mwishoni mwa mwaka 1972, Gerry McNamara, msaka vipaji wa Toronto, alisafiri Uswidi kumtazama kipa. Wachezaji waliomvutia wakawa wengine: Salming na mshambuliaji Inge Hammarström. Wote wawili walisajiliwa mwaka 1973.

Wakati huo Wakanada wengi waliamini kwamba Waswidi ni mafundi wa kuteleza na kupiga pasi, ila ni waoga mambo yakiwa magumu. Hoki ya Amerika ya Kaskazini ilikuwa ya kugongana kwa mabega, na ngumi zilikuwa za kawaida. Salming alicheza mechi yake ya kwanza dhidi ya Buffalo tarehe 10 Oktoba 1973. Ya pili ilikuwa ugenini Philadelphia, kwa timu iliyoogopwa kuliko zote kwa ubabe. Huko alipigwa, akasukumwa ukutani, akatukanwa kwa utaifa wake. Hakukimbia wala hakubadili mchezo wake. Aliendelea kulala barafuni mbele ya mashuti, akiukinga mpira kwa mwili. Mpira wa hoki ni kisahani kigumu cha raba ambacho shuti kali hukirusha kwa kasi ya zaidi ya kilomita 150 kwa saa.

Kilele

Kuanzia 1975 hadi 1980 alichaguliwa kila mwaka katika kikosi bora cha kwanza au cha pili cha ligi. Mwaka 1977 aliingia kikosi cha kwanza, akiwa wa kwanza kufanya hivyo miongoni mwa wachezaji waliofunzwa Ulaya. Mwaka 1988 akawa wa kwanza kati yao kufikisha mechi 1,000.

Heshima kubwa kuliko tuzo hizo aliipata Septemba 1976, katika Kombe la Kanada, mashindano ya timu za taifa. Jina lake lilipotangazwa mjini Toronto, akiwa amevaa jezi ya Uswidi, mashabiki walisimama wakampigia makofi kwa muda mrefu. Watu wa nchi nyingine walikuwa wakimshangilia kama mtoto wao.

Tarehe 26 Novemba 1986, katika mechi dhidi ya Detroit, alianguka mbele ya lango, na chuma cha kiatu cha kutelezea cha mpinzani kikamchana uso kuanzia karibu na jicho hadi mdomoni. Alishonwa nyuzi zaidi ya 200. Alipopata nafuu alirudi uwanjani.

Kurudi nyumbani na heshima

Baada ya msimu mmoja na Detroit Red Wings alirudi Uswidi mwaka 1990, akaichezea AIK ya Stockholm hadi 1993. Mwaka 1992 aliiwakilisha nchi yake kwenye Michezo ya Olimpiki ya Albertville akiwa na miaka 40. Hakuwahi kutwaa Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa NHL. Mwaka 1996 alikuwa Mswidi wa kwanza kuingizwa katika Ukumbi wa Watu Mashuhuri wa Hoki, na mwaka 2016 Toronto iliistaafisha jezi yake namba 21.

Waliomfuata walifika mbali. Mats Sundin alikuwa nahodha wa Toronto kuanzia 1997, na Nicklas Lidström aliiongoza Detroit kutwaa Kombe la Stanley mwaka 2008. Kila mmoja wao alikuta njia imeshasafishwa.

Ugonjwa na kifo

Agosti 2022 ilitangazwa kuwa ana ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Novemba mwaka huo alisafiri hadi Toronto kwa mara ya mwisho. Sauti ilikuwa imekwisha na mikono imeishiwa nguvu, hivyo Darryl Sittler, nahodha wake wa zamani, aliushika mkono wa Salming akauinua ili awapungie watu, huku machozi yakimtoka Sittler. Salming alifariki siku chache baadaye.

Katika NHL alicheza mechi 1,148, akafunga mabao 150 na kutoa pasi za mabao 637. Pasi 620 kati ya hizo alizitoa akiwa Toronto, na hakuna mchezaji mwingine wa klabu hiyo, Mkanada au mgeni, aliyefikisha idadi hiyo.