Upepo uliotoboa mlima ndio unaofungua nati zako

Leo naandika kitu ambacho hakimo kwenye mtihani, ila ni historia tupu.

Siku hizi kijana mwenye gari lake la zamani akipata vijisenti anatafuta kompresa ndogo, anaiweka nyuma ya nyumba, na Jumamosi anafungua magurudumu mwenyewe kwa spana ya upepo. Trrrrr! Nati imetoka. Hakuna tena kuning'inia kwenye spana ya msalaba kama unapanda mnazi. Wengi tunadhani vyombo hivi vilizaliwa gereji. Hapana jamani, gereji vilihamia tu. Vilianza kazi ndani ya mlima.

Mwaka 1857 walianza kuchimba handaki la reli la Fréjus chini ya milima ya Alpi, linalounganisha Modane, ambayo leo iko Ufaransa, na Bardonecchia ya Italia. Urefu wake ni zaidi ya kilomita 12, na mwanzoni kazi ilikuwa ya nyundo na tindo. Ungeniuliza mimi ningesema leteni mashine ya mvuke. Lakini mvuke unataka moto, moto unatoa moshi, na ndani ya shimo lisilo na upande wa pili moshi huo unaua watu. Basi mhandisi Germain Sommeiller akaja na akili nyingine: nguvu ya maji ishindilie hewa nje, hewa ipite kwenye bomba hadi ndani, iendeshe mashine za kutoboa mwamba. Mashine zilianza kazi mwaka 1861. Uzuri wake ni kwamba hewa ikishamaliza kupiga inatoka, na wachimbaji wanaivuta. Yaani takataka ya mashine ndiyo pumzi ya mfanyakazi! Desemba 26, 1870 pande mbili zikakutana. Sommeiller akafariki Julai 1871, miezi michache tu kabla handaki halijafunguliwa Septemba.

Mpaka hapo utasema upepo ni neema. Subiri kidogo.

Mashine inayotoboa haraka inatoa vumbi jingi na laini kuliko tindo, na vumbi la mwamba wenye silika likiingia kwenye mapafu halitoki. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Mwaka 1897 J. George Leyner wa Colorado alitengeneza mashine yenye chuma cha kutobolea kilicho wazi katikati. Kwanza alipitisha hewa humo, vumbi likazidi, wachimbaji wakaikataa. Ndipo akapitisha maji, vumbi likageuka tope. Dawa ilikuwapo, lakini watu waliendelea kuumia, na sisi tunahusika hapa. Migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, ilikula vijana kutoka Msumbiji, Nyasaland, hata wa kwetu Rungwe waliokwenda kwa njia ya WENELA. Wengine walirudi na baiskeli, blanketi na kikohozi. Kesi ya wachimbaji wenye silikosisi ilikuja kufikia makubaliano ya fidia ambayo mahakama ya Johannesburg iliyapitisha mwaka 2019, kwa waliofanya kazi kuanzia 1965. Waliotangulia wengi walishalala makaburini.

Mikono nayo haikupona. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton alikwenda Bedford, Indiana, kuwachunguza wachonga mawe waliotumia nyundo za upepo. Alikuta vidole vinakufa ganzi na kuwa vyeupe, hasa asubuhi za baridi. Mtetemo ulikuwa umeharibu mishipa midogo ya damu.

Sasa turudi kwenye magari. Dunlop alileta tairi la upepo mwaka 1888, na mwaka 1895 ndugu wa Michelin wakaliweka kwenye gari la mashindano, Paris hadi Bordeaux na kurudi. Kuanzia hapo kila penye gari pakahitajika upepo. Na ukishakuwa na kompresa ya kujazia tairi, kwa nini isifanye na kazi nyingine? Ikanyunyiza rangi, ikafungua nati. Ndani ya spana ya upepo hewa inazungusha mota ndogo, mota inazungusha nyundo, nyundo inagonga mara nyingi kwa sekunde. Ndiyo maana nati ngumu inalegea na mkono wako hausukumwi sana.

Kwa ninyi mafundi wa Jumamosi, historia hii ina maana. Tairi la gari dogo linataka paundi kama 30. Spana ya upepo inataka kama 90. Tangi la lita 50 litafungua nati za gari lako vizuri, lakini ukipiga msasa au kupaka rangi gari zima litaishiwa pumzi kila mara, maana kazi hizo hazina kupumzika. Hewa ikishindiliwa inapata moto, ikipoa unyevu wake unakuwa maji chini ya tangi. Yamwage kila ukimaliza, la sivyo kutu italila tangi kwa ndani, na tangi lililoliwa linaweza kupasuka. Nati za gurudumu malizia kukaza kwa spana ya mkono yenye kipimo. Usijipulizie vumbi mwilini kwa upepo huo. Vaa miwani, ziba masikio, na ukipiga msasa vaa barakoa.

Mtu atasema hayo ni mambo ya Wazungu waoga. Mwambie kila sharti hapo lina mwili wa mtu nyuma yake: mapafu ya Witwatersrand, vidole vya Bedford. Wao hawakuwa na hiari, walikuwa wanatafuta mkate. Wewe unafanya kwa raha zako, huna kisingizio.