Divai Iliyoingia Fizi kwa Mlango wa Kanisa

Kiswahili kina majina mawili ya kinywaji cha zabibu, na kila moja lina bandari yake. Mvinyo tuliupata kwa Wareno, waliotia nanga pwani mwaka 1498. Divai ni Kifaransa, du vin, na huko Fizi, mashariki mwa Kongo, neno hilo linanukia ubani: hulisikia zaidi aliye misani kuliko aliye mezani.

Walioileta ni mapadri. Askofu mkuu Lavigerie alianzisha shirika la Mapadri Weupe huko Algiers mwaka 1868. Miaka kumi baadaye msafara wao wa kwanza ukaondoka pwani kuelekea maziwa makuu, na mwaka 1883 wakajenga misheni ya Kibanga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, karibu na rasi ya Ubwari. Kanisa lilidai, na linadai hadi leo, divai ya zabibu halisi isiyoharibika. Basi kinywaji cha altare kikalazimika kuvuka nchi nzima na mizigo ya wapagazi, ilhali michikichi ya ziwani ilikuwa ikitoa pombe yake hapo hapo nje.

Pombe ya mchikichi haina subira. Utomvu uliogemwa alfajiri huanza kuchacha ungali kwenye kibuyu. Mchana ni mtamu, jioni mkali, na baada ya siku chache tu ni siki. Mgema na mnywaji lazima wawe majirani.

Zabibu ni jambo jingine: divai yake hujua kusubiri na kusafiri. Kule Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, Mholanzi Jan van Riebeeck aliandika kwamba divai ya kwanza ilikamuliwa tarehe 2 Februari 1659. Mwaka 1925, huko Stellenbosch, Profesa Abraham Perold alichanganya mizabibu ya Pinot Noir na Cinsaut, akapata Pinotage. Juisi yake huchachuka pamoja na maganda, na maganda ndiyo yanayotoa wekundu na ule ukakasi unaokausha ulimi, kama wa ndizi mbichi au chai iliyochemka kupita kiasi. Ikikaa kwenye mapipa ya mwaloni, ukakasi hulainika. Hubaki uzito mdomoni, ladha ya matunda meusi, moshi kidogo. Pinotage nyingine hunukia ndizi mbivu kabisa! Mtu wa Fizi angeitambua harufu hiyo kabla ya mwonjaji yeyote wa Paris.

Lakini kilichofika Lulimba kutoka kusini huko mwaka 1965 hakikuwa chupa. Kijiji hicho kiko kusini mwa Fizi, kwenye barabara ya Kalemie, na mwaka ule kilikuwa mstari wa mbele: upande mmoja waasi wa Simba na Wakuba wa Che Guevara, upande wa pili jeshi la serikali na mamluki wa Mike Hoare, wengi wao Waafrika Kusini. Mji wa Baraka ulishambuliwa kutoka ziwani mwishoni mwa Septemba. Che akaondoka Novemba.

Amani ya altare ilidumu kuliko ya barabara. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha misale ya Zaire (ndilo jina la Kongo wakati huo), matunda ya juhudi ndefu za watu kama Kardinali Malula wa Kinshasa. Ngoma ziliingia, wahenga wakaitwa kwa heshima mwanzoni mwa misa, waumini wakacheza wakiimba. Ndani ya kikombe ikabaki zabibu, na kibuyu cha mgema kikaendelea kungoja nje, chini ya mchikichi.