Vekta: Kutoka ramani hadi miteremko ya Sotik

Anayeuliza umbali wa kutoka Sotik hadi Kericho hutajiwa kilomita, na jibu hilo humtosha abiria wa matatu. Halimtoshi rubani wala mpima ardhi, ambao sharti wajue pia mahali hapo pako upande gani. Kiasi chenye ukubwa na mwelekeo huitwa vekta. Chenye ukubwa pekee, mfano halijoto au bei ya majani chai, huitwa skala.

Kwenye ramani, vekta huandikwa kwa namba mbili: ya kwanza ni ya mashariki, ya pili ya kaskazini. Magharibi na kusini huwa hasi. Kutoka mji wa Sotik hadi Bomet ni takriban (26, -11), yaani kilomita 26 mashariki na 11 kusini. Kutoka Bomet hadi Kericho ni (-8, 46). Zikijumlishwa, mashariki kwa mashariki na kaskazini kwa kaskazini, hupatikana (18, 35), nayo ni vekta ya kutoka Sotik moja kwa moja hadi Kericho.

Ukubwa wake hutafutwa kwa kanuni ya Pythagoras: kila namba huzidishwa kwa yenyewe, majibu yakajumlishwa, kisha kikatafutwa kipeuo cha pili. Jibu ni kama kilomita 39. Anayepitia Bomet hukata kilomita 75 za mistari minyoofu, lakini vekta ya safari yake nzima ni ile ile. (Barabara yenyewe, pamoja na kona zake za Kaplong na Litein, ni habari nyingine.)

Hata hivyo, Sotik si tambarare. Mtaala wa 8-4-4 uliigawa mada hii, vipimo viwili vikifundishwa Kidato cha Pili na cha tatu kikingoja Kidato cha Tatu. Mpangilio huo uliwafaa watungaji wa vitabu kuliko watoto wa milimani, ambao huujua mwinuko kabla ya kuiona ramani.

Chukua mchuma chai anayepandisha kikapu cha kilo 15 hadi kituo cha kununulia majani, kilichoko mita 60 mashariki, 80 kaskazini na 25 juu. Vekta yake ni (60, 80, 25). Ramani humhesabia mita 100; namba ya tatu ikiingizwa katika kanuni ile ile, huwa 103. Mita tatu tu, na bado jasho linamtoka.

Sababu ni kwamba mvutano wa ardhi nao ni vekta, tena hauna sehemu ya mashariki wala ya kaskazini. Kwa kikapu hicho ni takriban nyutoni (0, 0, -150). Kazi hupatikana kwa kuzidisha sehemu kwa sehemu na kujumlisha: sifuri, sifuri, na -3,750. Alama ya hasi huonyesha kwamba mvutano unampinga. Naye hutoa jouli 3,750 kukiinua kikapu, mbali na uzito wa mwili wake.

Jina vekta latokana na neno la Kilatini lenye maana ya mbebaji, na liliingizwa katika hisabati hii na William Rowan Hamilton wa Dublin katika miaka ya 1840.

Mbebaji wetu akikwepa mteremko mkali kwa njia ya mzunguko ya mita 400, jouli hubaki 3,750, kwa kuwa kituo hakijashuka. Tofauti ni kwamba njia fupi humdai jouli 36 hivi kwa kila mita, na ile ndefu 9.