Vidole Vinajua Mbele ya Mashine

Hapa kwetu Ndosho, kijana akiona filimbi ya umeme kwenye simu, anauliza bei. Sisi tunamuuliza kwanza: vidole vyako vinajua nini?

Maana kazi hiyo ni ya zamani. Wachungaji wa ng'ombe wa Rwanda na Burundi, na wenzao wa milimani huku Kivu, walipuliza umwironge, filimbi ndefu yenye matundu machache karibu na mwisho. Waganda wana endere ya matundu manne. Ni machache, lakini nyimbo ni nyingi: ukipuliza kwa nguvu zaidi, vidole bila kusogea, sauti inapanda juu.

Halafu Wabeleji wakaleta fanfari. Saksofoni yenyewe ni ya mtu wao, Adolphe Sax wa Dinant, aliyepewa hati yake mwaka 1846. Wakongo wakaifanya yao. Verckys akavumisha jina lake nayo katika OK Jazz miaka ya 1960. Ngazi yake si ngumu. Mkono wa kushoto juu: kidole cha shahada peke yake ni si, ongeza cha kati, la, cha pete, sol. Mkono wa kuume chini: fa, mi, re, na kidole cha mwisho kinashusha do.

Miaka ya 1970, huko Marekani, Bill Bernardi akatengeneza Lyricon, filimbi ya umeme. Mwaka 1987 kampuni ya Akai ya Japani ikauza EWI, iliyobuniwa na Nyle Steiner. Na kumbe ngazi ni ileile: si, la, sol, fa, mi, re, do! Tofauti ni kwamba vitufe havifinywi, vinaguswa tu. Ukipumzisha kidole, noti inabadilika. Dole gumba la kushoto ndilo linalopandisha oktava. Basi mwanafunzi ajifunze kuinua vidole kwa pamoja, polepole, noti mbili mbili, kabla ya kutafuta wimbo.

Tangu vita vya Masisi mwaka 1993, familia nyingi zilikimbilia Goma bila ng'ombe. Kijana asiyechunga hapati saa ndefu za kupuliza filimbi malishoni. Mzee anayejua bado yuko uani, lakini haulizwi, na siku akienda, anaenda na vidole vyake.

Tunaomba wazazi: mbele ya kutafuta pesa za mashine, mpelekeni mtoto kwa mzee huyo. Umeme ukikatika, filimbi ya mzee bado inalia.